Afisa Akisema "Sheria Ndivyo Inavyosema": Mwongozo kwa Watu wa Ugalla

Swali linatufikia kwa sura nyingi, kiini chake kimoja. Mrina asali wa Ugalla anasimamishwa kwenye geti la maliasili na kutakiwa kulipia kibali ambacho msimu uliopita hakikuwapo. Mvuvi ananyimwa leseni kwa sababu ambayo hakuna aliyemwandikia. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Mpanda anaambiwa kanuni imebadilika, ila hakuna anayemwonyesha kanuni yenyewe. Wote wanajibiwa neno lile lile: "Sheria ndivyo inavyosema." Nao wanatuuliza: afisa akishasema hivyo, basi imekwisha?

Haijaisha. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji wa haki, na kauli hiyo inahusu pia maana ya sheria ambazo wizara, mamlaka, wakala na halmashauri zinazitumia kutuongoza. Njia yake inaitwa mapitio ya mahakama, na inapita Mahakama Kuu. Watu wengi huipoteza kabla hata ya kumfikia jaji, kwa sababu mbili: hawana karatasi mkononi, na muda umewapita. Makala hii inahusu namna ya kuyaepuka hayo mawili.

## Jaji anaangalia nini

Mapitio si rufaa. Jaji haulizi kama yeye angekupa leseni. Anauliza kama aliyekunyima alikuwa na mamlaka, kama aliisoma sheria sawasawa, na kama alifuata utaratibu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Sanai Murumbe na mwenzake dhidi ya Muhere Chacha lililoripotiwa mwaka 1990, ilitaja sababu zinazoweza kuuangusha uamuzi. Kwa maneno ya kawaida ni hizi:

- Mwamuzi alizingatia mambo asiyopaswa kuyazingatia.
- Aliacha mambo aliyopaswa kuyazingatia.
- Hakuwa na mamlaka, au aliyavuka aliyokuwa nayo.
- Uamuzi hauingii akilini kabisa, kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye busara ingeufikia.
- Haki ya asili ilivunjwa, kwa mfano hukusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.
- Utaratibu, au uamuzi wenyewe, ni kinyume cha sheria.

Isome orodha hiyo huku uamuzi uliopewa ukiwa mbele yako. Ukiona malalamiko yako hayaingii popote, na unachosema ni kwamba afisa "ana roho mbaya" au "angeweza kunisaidia", usipoteze nauli.

Mfano wa mamlaka kuvuka mipaka yake ni wa siku nyingi. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la Bukoba Gymkhana Club, ambako mamlaka ya leseni za vileo ilikuwa imeingilia masharti ya uanachama wa klabu. Mahakama iliona kwamba sheria ya vileo haikutolewa kwa kazi hiyo. Kumbe mamlaka inaweza kuwa na nia njema na bado ikawa imetumia sheria kwa kazi isiyo yake.

## Kwanza, itafute sheria yenyewe

Usimbishie afisa kwa kusikia. Sheria zina ngazi, na ya chini haiwezi kuipinga ya juu:

1. Katiba.
2. Sheria iliyotungwa na Bunge, kama Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Sheria ya Misitu ya 2002 au Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002.
3. Kanuni za waziri na sheria ndogo za halmashauri, zinazotangazwa kwenye Gazeti la Serikali.
4. Nyaraka, miongozo na maelekezo ya ofisini.

Sheria ya Tafsiri ya Sheria inasema kanuni ikipingana na sheria mama ni batili kwa kiasi inachopingana nayo. Waraka wa ofisini una nguvu ndogo zaidi: unaweza kumwelekeza mtumishi namna ya kufanya kazi, hauwezi kukutungia wewe tozo au kosa jipya. Kwa hiyo muulize afisa maswali haya, kwa adabu:

- Ni sheria gani, ya mwaka gani, na kifungu kipi?
- Kama ni kanuni, Tangazo la Serikali namba ngapi?
- Nani amepewa mamlaka haya: waziri, mkurugenzi, au afisa wa wilaya?
- Neno linalobishaniwa limetafsiriwaje mwanzoni mwa sheria hiyo?

Swali la mwisho ndilo wengi hulipita. Chukua asali. Je, ni zao la kilimo linalodaiwa ushuru wa halmashauri, ni zao la misitu, au ni zao la nyuki lenye sheria yake? Jibu haliko kichwani mwa mlinzi wa geti. Liko kwenye kifungu cha tafsiri cha kila sheria inayotajwa, na huenda sheria mbili zikalipa neno moja maana mbili. Hapo ndipo hoja halali za mapitio zinapozaliwa.

Sheria nyingi na hukumu zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ila angalia toleo. Toleo la Sheria la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu katika nakala ya zamani huenda zisilingane nalo.

## Si kila "hapana" ni kosa

Hapa tuambizane ukweli. Wazee wa Ugalla wanakumbuka walivyoingia porini kiangazi kwa vibali vya msimu, kurina asali na kuvua mtoni, eneo lilipokuwa Pori la Akiba. Mwaka 2019 sehemu hiyo ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Tangu hapo inatawaliwa na Sheria ya Hifadhi za Taifa, na msimamizi ni TANAPA. Sheria hiyo inabana shughuli za watu kuliko ile ya mapori ya akiba.

Mtu anayedai kuingia leo kwa sababu mwaka 2015 alikuwa na kibali, hoja yake ni dhaifu. Afisa hakuisoma sheria vibaya. Sheria ndiyo iliyobadilika. Maswali yenye uzito ni mengine: mzinga wako uko ndani ya mpaka uliotangazwa, au nje yake? Mpaka anaousimamia askari ndio ule wa kwenye Tangazo la Serikali? Mzinga uliochukuliwa ulichukuliwa kwa kifungu gani, na wewe ulipewa nafasi ya kujieleza?

Utaratibu wa kutangaza eneo nao unapimika mahakamani. Mwaka 2022 waziri alitangaza Pori Tengefu la Pololeti, Loliondo, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu, Arusha, na Septemba 2023 mahakama iliona tangazo hilo halikuwa halali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Hoja iliyowabeba ilikuwa ya utaratibu.

## Pili, upate uamuzi kwa maandishi

Neno la mdomo halipitiwi kirahisi. Afisa aliyekukatalia leo anaweza kusema kesho kwamba alikuwa anakushauri tu. Andika barua fupi yenye:

- Jina lako, kijiji, kata na namba ya leseni au kibali ulichonacho.
- Tukio: tarehe, mahali, nani alisema au alichukua nini.
- Ombi: upewe uamuzi na sababu zake kwa maandishi, pamoja na kifungu kilichotumika.
- Siku unazotoa wajibu, kwa mfano 14.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ofisi ikikataa kugonga mhuri, tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti. Mali ikichukuliwa, dai hati ya ukamataji iliyoorodhesha kila kitu: ndoo ngapi za asali, lita ngapi kila moja, baiskeli ya rangi gani.

Ofisi ikikaa kimya, barua ile inakuwa silaha. Katika shauri la Byombalirwa dhidi ya Mkuu wa Mkoa na Kamanda wa Polisi wa Bukoba, lililoripotiwa mwaka 1986, Mahakama Kuu ilieleza masharti ya kupata amri ya kuilazimisha ofisi itimize wajibu wake. Sharti mojawapo ni kwamba uliomba wajibu huo utimizwe na ofisi ikakataa. Jingine ni kwamba wajibu uwe wa lazima kwa mujibu wa sheria, usiwe hiari ya afisa. Bila barua yenye mhuri, utathibitishaje kwamba uliomba?

Onyo kubwa. Usisaini usichokielewa. Sheria za misitu na za wanyamapori zinaruhusu kosa limalizwe bila kesi: unakiri kwa maandishi, unalipa, unaondoka. Wengi husaini ili waiokoe mali, kisha wanataka kupinga tafsiri ya sheria. Ukishakiri, mlango huo umejifunga mwenyewe kwa sehemu kubwa.

## Tatu, panda ngazi zilizopo kwanza

Mahakama Kuu huuliza kama kulikuwa na njia nyingine ya kufaa. Sheria yako ikitaja rufaa kwa mkurugenzi, kwa waziri au kwa baraza maalumu, anzia huko. Kwa mfano:

- Uamuzi wa LATRA au EWURA una njia yake, inayoishia Baraza la Ushindani.
- Makadirio ya kodi huanza kwa pingamizi TRA, kisha Bodi ya Rufani za Kodi.
- Mgogoro wa zabuni huenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Lakini angalia: kumwona mbunge, diwani au mkuu wa wilaya si ngazi ya kisheria, hata akikupokea vizuri na kukuahidi kulifuatilia. Nenda ukitaka, ila usisimamishe mengine.

## Nne, hesabu siku

Kanuni za mwaka 2014 za mapitio ya mahakama, zilizotolewa chini ya Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, zinatoa miezi sita ya kuomba kibali cha kufungua maombi. Miezi hiyo inahesabiwa tangu uamuzi au kitendo unachokilalamikia. Ukipewa kibali, una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe.

Katika miezi hiyo sita:

- Barua za kukumbushia hazisimamishi muda.
- Ahadi ya "njoo wiki ijayo" haisimamishi muda.
- Kuomba muda uongezwe kunawezekana, lakini utatakiwa ueleze sababu ya msingi ya kuchelewa. "Nilikuwa naongea nao" mara nyingi haitoshi.

Andika tarehe ya uamuzi kwenye karatasi, hesabu miezi sita, kisha rudisha nyuma miezi miwili. Hiyo ndiyo tarehe yako ya mwisho ya kumwona wakili.

## Tano, ndani ya mahakama

Kwa muda mrefu mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Katavi yamekuwa yakienda Sumbawanga. Uliza kwanza mahakama iliyo karibu nawe Mpanda kuhusu masjala inayopokea maombi ya aina hii, kabla hujapanda basi. Kwa sasa nyaraka hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki.

1. Ombi la kibali. Linakuwa na maelezo yanayokutaja wewe ni nani, unaomba amri gani na kwa sababu zipi, pamoja na hati ya kiapo inayothibitisha mambo yaliyotokea. Sheria inataka Mwanasheria Mkuu wa Serikali aitwe.
2. Mchujo. Jaji haamui mgogoro hapa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Emma Bayo dhidi ya Waziri wa Kazi, ilieleza kinachopimwa katika hatua hii: kuna hoja ya kujadiliwa, umekuja ndani ya muda, na jambo linakugusa wewe.
3. Kusimamisha uamuzi. Omba mapema utekelezaji usimame hadi shauri liishe. Kibali hakisimamishi chochote chenyewe. Lazima jaji aelekeze hivyo.
4. Maombi yenyewe. Unaweza kuomba amri ya kuutengua uamuzi, ya kuizuia ofisi isiendelee, au ya kuilazimisha itimize wajibu.
5. Ukishindwa. Njia ya kwenda Mahakama ya Rufani ipo, na notisi yake ina siku 30.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Usikubali kuapa hati ambayo hujaielewa. Omba uandikiwe au usomewe kwa lugha unayoijua, kwani kila mstari wake utahesabiwa kuwa umeusema wewe.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumtaja mlalamikiwa asiye sahihi. Wakala wa Serikali kama TFS si sawa na mamlaka au shirika lenye haki ya kushtakiwa kwa jina lake katika kila jambo. Muulize wakili nani atajwe pamoja na Mwanasheria Mkuu.
- Kikundi kufungua shauri bila usajili. Kikundi kisichosajiliwa hakina utu mbele ya sheria. Wanachama waombe kwa majina yao. Halmashauri ya kijiji inaweza kushtaki kwa jina lake, ila iwe na muhtasari wa kikao ulioidhinisha.
- Kuleta ubishi wa ukweli. Kama ugomvi ni iwapo ng'ombe walikuwa 40 au 60, au nani alimpiga nani, mapitio hayafai. Shauri linalofaa ni lile ambalo ukweli wake haubishaniwi sana, ubishi uko kwenye sheria.
- Kuchanganya mapitio na fidia. Madai ya fidia dhidi ya Serikali ni kesi nyingine, yenye notisi ya siku 90.
- Kuendelea na shughuli kwa ubishi. Ukikamatwa unafanya kile kile ulichokatazwa, unaingia kwenye jinai, na hoja yako nzuri inapata doa.
- Kujaza nyaraka mambo yote. Hoja mbili zenye kifungu zinamshinda mwenye hoja kumi za uchungu.

## Mnayotuuliza zaidi

"Afisa ni mtaalamu. Jaji atajuaje mambo ya nyuki na samaki?"
Kuhusu utaalamu, jaji humwachia mtaalamu: kama samaki wamepungua mtoni, mahakama haitahesabu samaki. Lakini maana ya neno lililo kwenye sheria ni kazi ya mahakama. Ubishi huu uko kote duniani. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuta msimamo wake wa tangu 1984, uliozitaka mahakama zikubali tafsiri ya idara ya serikali pale sheria isipokuwa wazi na tafsiri ikawa ya maana. Waliofungua mashauri yale walikuwa watu wa uvuvi, waliogoma kuwalipa wakaguzi wanaopanda boti zao. Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, lakini inaonyesha kwamba swali la mvuvi si dogo.

"Nikishinda nitapewa leseni?"
Si lazima. Mara nyingi uamuzi unatenguliwa na ofisi inaamriwa iamue upya kwa kufuata sheria. Inaweza kukunyima tena, safari hii kwa sababu halali. Jiulize kabla ya kuanza: nikisikilizwa vizuri, nina sifa zote? Kama leseni yako ilikwisha na hukulipia, safisha hilo kwanza.

"Watanilipizia."
Hofu hiyo haidharauliki, hasa kwa mtu anayekutana na askari wale wale kila wiki. Nendeni wengi pale jambo linapowagusa wengi. Barua ziwe na lugha ya heshima. Vibali vyako vingine viwe safi. Weka nakala za kila kitu kwa mtu wa pili, nje ya nyumba yako.

"Nimekwisha fikishwa mahakamani kwa jinai."
Basi hoja ya tafsiri ya sheria ilete kwenye kesi hiyo hiyo. Mapitio si njia ya kawaida ya kuisimamisha.

"Sina pesa ya wakili."
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuandikia barua, kukutafutia sheria na kukuelekeza, ila hawezi kusimama mbele ya jaji kwa niaba yako. Uliza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au fuatilia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inapofika mkoani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Changeni kama kikundi: wakili mmoja kwa waombaji 20 wenye jambo moja ni nafuu kuliko kila mtu na wakili wake.

## Ya kufanya wiki hii

1. Andika tarehe ya uamuzi au kitendo, na tarehe ya mwisho wa miezi sita.
2. Peleka barua ya kuomba sababu na kifungu. Rudi na nakala yenye mhuri.
3. Tafuta sheria iliyotajwa, usome kifungu cha tafsiri na kifungu kinachotoa mamlaka.
4. Chagua hoja moja au mbili kati ya zile sita za juu. Zikikosekana, badili njia: omba upya, rekebisha kasoro, au peleka maoni kwa waziri anayetunga kanuni.
5. Angalia kama sheria ina rufaa ya ndani, na siku zake ni ngapi. Wakati mwingine ni chache kuliko miezi sita.
6. Mwone wakili ukiwa na bahasha iliyopangwa kwa tarehe: kibali, risiti, barua, hati ya ukamataji, majina ya mashahidi.

Ukimpelekea bahasha hiyo, ataweza kukuambia siku hiyo hiyo kama una shauri au huna. Akikuambia huna, mwombe akueleze ni kifungu kipi kinachokuzuia, ili msimu ujao uombe kibali kwa njia ambayo afisa hatakuwa na sababu ya kuikataa.